Ana miaka miwili na miezi minne, anang'ata wenzake kila ikikaribia saa nne asubuhi. Bila fimbo, bila kufinya, nifanyeje?

Mlezi wa Tabata · #1
Wakuu, salamu. Niko kituo cha kulelea watoto mchana, huu mwaka wa sita. Watoto 26, walezi watatu, ila mmoja wetu muda mwingi yuko jikoni au anapeleka watoto chooni, kwa hiyo hesabuni wawili.

Tangu mwezi wa pili tumeacha fimbo. Ilikuwa rula moja ya mbao imening'inia ukutani, mtoto akiitazama tu anakaa. Na tulikuwa tunafinya. Mimi mwenyewe nimefinya. Niliacha siku niliyomwona mtoto wa miaka mitatu amemshika mwenziwe sikio, analizungusha, anamwambia "unanisikia wewe?" Sauti ilikuwa yangu. Mpaka ile namna ninavyovuta neno la mwisho.

Sasa kuna mmoja, nitamwita Bwana Mdogo. Anang'ata. Wiki iliyopita mara saba, na karibu zote saa nne kasorobo hivi. Wazazi watatu wamelalamika, mmoja kasema mbele yangu, "Kichapeni, kitaacha." Mwenye kituo anataka rula irudi ukutani. Nimejaribu kukemea, nimemkalisha peke yake, nimempa ndizi. Naomba mniambie mambo mawili: kwa nini anang'ata, na katika ile dakika yenyewe nifanye nini? Ushauri wa "mpe upendo" ninao, na upendo ninampa. Nataka cha kufanya na mikono yangu.

Baba Nne · #2
Mng'ate na yeye. Bibi yangu alimfanyia hivyo mdogo wangu, mara moja tu, hakurudia maisha.

Muuguzi Mstaafu · #3
Baba Nne, hapana. Atajifunza kwamba kung'ata kunaruhusiwa ukishakuwa mkubwa.

Mleta mada, anza na aliyeng'atwa. Osha kwa maji safi na sabuni, weka kitambaa cha baridi. Ngozi ikiwa imechanika apelekwe kituo cha afya na kadi yake ya kliniki, waangalie na chanjo. Mng'ataji asubiri. Akiona wewe unamkimbilia yeye kwanza, amepata alichotaka.

Halafu meno. Ana miezi 28. Magego ya pili hutoka takriban kati ya mwezi wa 23 na wa 33. Mtazame kama udenda unamtoka, anashika shavu, anatafuna kola ya shati. Fizi ikiwasha, mkono wa jirani uko karibu kuliko kitu kingine chochote.

Kijana wa Ilemela · #4
Nimekaa pale, wajuzi waje. Ila hiyo ya mtoto kuzungusha sikio la mwenzake kwa sauti ya mlezi imenikaa kooni.

Mzee wa Pangani · #5
Samaki mkunje angali mbichi. Wahenga walimaliza. Mkimwacha leo kwa sababu ni mdogo, kesho atakuwa amekauka.

Binti Shanga · #6
Shikamoo mzee wangu. Samaki mbichi anakunjwa kwa mkono. Sijaona pwani yote mtu anayekunja samaki kwa fimbo, huyo atapata samaki aliyepondeka.

Mzee wa Pangani · #7
Marahaba binti yangu. Umejibu vizuri, lakini ipo nyingine: mchelea mwana kulia, hulia yeye.

Cherehani ya Mawenzi · #8
Mzee, hiyo nayo haikutaja fimbo. Mtoto analia ukimnyang'anya kisu, analia ukimzimia simu, analia ukimwambia leo hatununui barafu. Mzazi anayechelea hicho kilio ndiye atakayelia baadaye. Mimi namzimia wangu simu kila siku, analia, simpigi wala sirudishi simu.

Mkiendelea hivi nyie wawili mtamaliza kanga zote dukani.

Mama Kipepeo · #9
Mimi niko upande wa pili wa uzi huu, ingawa si kituo hicho. Mwanangu wa mwaka mmoja na nusu alirudi na alama za meno mgongoni, tatu. Niliziona wakati namwogesha. Hakuna aliyenipigia simu. Nilipouliza kesho yake nikajibiwa, "Ni watoto tu, mama."

Usiku ule sikulala. Lakini niseme ukweli, sikutaka yule mtoto apigwe. Nilitaka mtu mzima aniambie ilikuwa saa ngapi, nani alikuwa wapi, na kesho watabadilisha nini. Wazazi wengi wanasema "kichapeni" kwa sababu hawajaambiwa kingine chochote. Fimbo wanaijua, ndiyo wanayoitaja.

Mlezi wa Tabata · #10
Mama Kipepeo, pole, na asante. Umenigusa penye ukweli. Na sisi huwa tunasubiri mzazi agundue. Kuanzia kesho napiga simu kabla hajafika getini: saa, mahali, tulichofanya. Jina la aliyeng'ata sitalitaja.

Muuguzi, udenda upo kidogo. Kola anatafuna, lakini wanaotafuna kola kwangu wako watano na hawang'ati.

Wakili wa Kijiweni · #11
Dada, usijipe presha. Sheria ya Tanzania inaruhusu viboko vinne. Usizidishe tu.

Afisa wa Zamani · #12
#11, unachanganya. Nilifanya kazi ustawi wa jamii miaka mingi, nisahihishe kabla mtu hajaumiza mtoto kwa kusoma hapa.

Viboko vinne viko kwenye kanuni za Sheria ya Elimu, ambazo mwaka 2002 zilishusha idadi kutoka sita. Zinahusu shule. Anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na inaandikwa kitabuni. Mlezi wa dei kea hayumo humo hata kwa kuchungulia.

Kituo cha kulelea watoto mchana kiko chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Isome kifungu cha 13. Adhabu isiyolingana na umri na hali ya mwili na akili ya mtoto haikubaliki. Na kama mtoto kwa udogo wake hawezi kuelewa lengo la adhabu, basi adhabu hiyo haina uhalali. Muulize mwenye kituo: huyu wa miaka miwili na miezi minne, ukimchapa saa nne, saa tano anaweza kukueleza alichapwa kwa nini?

Wakili wa Kijiweni · #13
Nimekubali sahihisho. Ila Kenya nao walikuwa wanachapa hadi juzijuzi walipopiga marufuku.

Dada wa Likoni · #14
Juzi gani hiyo? Shuleni ilipigwa marufuku mwaka 2001. Katiba ya 2010, kifungu cha 29, ikasema hakuna mtu kupewa adhabu ya viboko. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikarudia, kifungu cha 36. Kwenye karatasi tumemaliza kitambo. Mtaani kwangu, wamama wanaolea watoto kwenye chumba kimoja cha mabati, watoto kumi na tano, mwiko bado uko juu ya meza. Siwatetei. Lakini mama huyo hakuna aliyekwenda kumwonyesha afanye nini badala ya mwiko. Aliambiwa tu aache.

Kijana wa Ilemela · #15
Nilisoma mahali kwamba Uswidi ndio walikuwa wa kwanza duniani, 1989, hata mzazi nyumbani haruhusiwi.

Mtu wa Göteborg · #16
Ni 1979, ndugu. 1989 ni mwaka wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia 1991.

Nafanya kazi chekechea huku Uswidi, na kung'ata tunaona kila mwaka. Sheria haikuwazuia watoto kung'ata, iliwabadilisha wakubwa. Mtoto mng'ataji anapewa mtu mmoja wa kuwa ubavuni kwake siku kadhaa. Mlezi huyo anakaa sakafuni, mkono mmoja kutoka kwake. Akifungua mdomo, kiganja kinatangulia mbele ya kifua, polepole: "Hapana. Kunauma." Maneno mawili. Ukitoa hotuba anasikia muziki tu.

Najua utaniambia hamna mtu wa ziada.

Mlezi wa Tabata · #17
Ulijuaje. Hatuna. Lakini nikijua saa yake, naweza kuwa naye nusu saa hiyo tu, mwenzangu akachukua waliobaki. Nusu saa naiweza.

Mwanachuo wa Changanyikeni · #18
Kuhusu ile ya kufinya sikio: mwaka 1961 pale Stanford, Marekani, Albert Bandura aliwaonyesha watoto wa chekechea mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa wa kupulizwa. Baadaye watoto wakaachwa na mwanasesere wa aina hiyohiyo. Waliomwona mtu mzima akipiga walipiga zaidi, tena kwa mtindo uleule na maneno yaleyale. Tunaposema mwana hutazama kisogo cha nina, ndiyo hiyo.

Muulizeni baba yake Bwana Mdogo wanacheza michezo gani nyumbani.

Baba Nne · #19
Mwanasesere ameumbwa apigwe, anainuka mwenyewe. Mimi nimechapwa na mama, na baba, na mwalimu, nimelea wanne, hakuna mwizi. Hilo mnalielezaje?

Binti Shanga · #20
Baba Nne, mimi pia nilichapwa na ninawapenda wazazi wangu. Hebu nikuulize kwa heshima. Katika kuchapwa kote huko, kipi unakumbuka ulichokosea? Mimi nakumbuka fimbo ilikuwa ya mpera, nakumbuka nilipojificha, nyuma ya pipa. Kosa silikumbuki hata moja.

Baba Nne · #21
Nakumbuka moja. Nilichezea moto karibu na tenga la kuku. Zingine... ngoja nifikirie.

Mama Wawili Kigamboni · #22
Wa kwangu alifukuzwa vituo viwili kwa kung'ata. Cha kwanza siku ya tisa. Cha pili walimvumilia mwezi, kisha wakanikabidhi begi lake getini wazazi wengine wakiangalia. Sitasahau lile begi.

Alikuwa na miaka mitatu kasoro. Kumbe masikio yalikuwa yanatoa usaha ndani kwa ndani, alikuwa anasikia nusunusu. Mtu akimjia kwa nyuma anashtuka, akishtuka anang'ata. Alipotibiwa alipunguza sana. Hakuacha kabisa. Aliacha kabisa alipoanza kusema "yangu".

Cherehani ya Mawenzi · #23
Basi ni lugha, si sikio.

Mama Wawili Kigamboni · #24
Bila sikio lugha angeipatia wapi?

Muuguzi Mstaafu · #25
Jambo la kupima nyumbani ni jepesi. Akiwa amezama kwenye mchezo, simama nyuma yake hatua tatu asikuone, muite kwa sauti ya kawaida. Fanya siku tofauti, upande wa kulia, upande wa kushoto. Asipogeuka mara nyingi, aende akapimwe. Hata akigeuka, kama lugha iko nyuma ya wenzake, apimwe. Anasema maneno mangapi?

Mlezi wa Tabata · #26
"Maji", "toto", "baba", "ondoka". Na mengine kama matatu ninayoyaelewa mimi tu.

Mchunga Mbuzi · #27
Hapo juu kuna mtu atakuja na Mithali, bora nimuwahi.

Mwinjilisti wa Makambako · #28
Umeniwahi kweli, nilikuwa naandika. Mithali 13:24 naijua, fimbo imo. Lakini imo pia Zaburi ya 23, na pale fimbo ya mchungaji inamfariji kondoo. Kondoo hafarijiki na kitu kinachompasua mgongo. Na Waefeso 6:4 inawakataza akina baba kuwachokoza watoto wao. Nimehubiri fimbo zamani, sasa nahubiri mchungaji.

Ustadhi wa Makorora · #29
Na sisi kwetu, hadithi inayoshikwa na wengi ni ya swala: waamrisheni wakiwa na miaka saba, na adhabu inatajwa kwenye kumi. Wanazuoni wameweka masharti mengi hata kwa huyo wa kumi. Wa miaka miwili hayumo. Na Anas bin Malik alimhudumia Mtume miaka kumi tangu akiwa mtoto, akasimulia kwamba hakuwahi kuambiwa hata "uff" ya kukereka.

Mchunga Mbuzi · #30
Nimechunga Kondoa tangu nina miaka sita. Fimbo unaitumia kumwonyesha wa mbele njia. Ukimpiga mwenye mimba, umeharibu mali. Tulikuwa na beberu mmoja mkorofi, anapanda wenzake, anatoroka kwenye mashamba ya watu. Babu alimpiga mpaka akachoka. Mwisho tukamfunga kengele. Tukawa tunajua aliko kila wakati, tunamfikia kabla hajaharibu. Bwana Mdogo anahitaji kengele, na kengele ni huyo mlezi wa nusu saa.

Mzee wa Pangani · #31
Hii ya kengele naikubali kuliko zote. Lakini bado nasema mtoto lazima ajue mkubwa ni nani.

Mlezi wa Nyanda za Juu · #32
Mzee shikamoo, mimi ni mlezi Mbeya, nimesomea Montessori. Mama Maria Montessori alifungua nyumba yake ya watoto Roma mwaka 1907, mtaa wa maskini, watoto wengi, na jambo la kwanza alilotazama ni chumba. Vitu viko wapi, mtoto anavifikia, njia ya kupita ipo?

Dada wa Tabata, nieleze chumba chako. Saa nne kasorobo watoto wako wapi? Kuna gari ngapi? Mpira mmoja kwa watoto 26 ni ugomvi uliopangwa na mkubwa. Mimi huweka vitu vya kugombewa viwili vinavyofanana kabisa, mpaka rangi. Na nimewafundisha walezi wenzangu kusema kinachotakiwa: "Tembea" badala ya "Usikimbie". Ukisema "usikimbie", mtoto wa miaka miwili anabaki na "kimbia" kichwani.

Kuhusu mkubwa kujulikana: kwangu wanajua sana. Nikisema tunaosha mikono, tunaosha. Ila nawaambia mapema: "Tukipiga makofi matatu, tunakusanya." Anayechagua anachagua kikombe, chekundu au cha bluu. Kunawa hakuchaguliwi.

Mlezi wa Tabata · #33
Chumba ni sebule ya nyumba iliyopangishwa. Saa nne kasorobo wote wanasogea mlango wa nyuma, kwa sababu harufu ya uji imeanza. Dada wa jikoni anagonga sufuria. Sikuwahi kuliwaza hilo mpaka naandika sasa hivi.

Kijana wa Ilemela · #34
NJAA. Kesi imekwisha.

Mlezi wa Nyanda za Juu · #35
Au msongamano. Watoto 26 mlango mmoja.

Mwanachuo wa Changanyikeni · #36
Umesema ulimkalisha peke yake. Wazo hilo lilitoka Marekani miaka ya 1960, Arthur Staats ni mmoja wa waliolianzisha. Lengo lilikuwa kumtoa mtoto kwenye raha kwa muda mfupi, kwa utulivu, bila aibu. Kipimo kinachotajwa sana ni dakika moja kwa kila mwaka wa umri. Wewe ulimkalisha dakika ngapi?

Mlezi wa Tabata · #37
Kama robo saa. Alisinzia.

Mtu wa Göteborg · #38
Alisinzia saa nne asubuhi? Huyo amechoka. Analala saa ngapi nyumbani? Na kwetu huku kumtenga tumeacha. Mtoto asiyejua kujituliza ukimwacha peke yake unampa kazi asiyoijua. Tunakaa naye pembeni.

Baba Nne · #39
Dakika mbili kwa mtoto wa miaka miwili ni adhabu au ni mapumziko ya chai?

Mwanachuo wa Changanyikeni · #40
Ni mapumziko. Hapo umepatia bila kukusudia.

Cherehani ya Mawenzi · #41
Tukirudi kwenye uji, mnaweka nini? Wangu akila uji mtupu wa mahindi, saa moja haipiti kashalia njaa.

Dada wa Likoni · #42
Ongeza karanga za kusaga.

Muuguzi Mstaafu · #43
Karanga nzuri, lakini zichambueni. Zenye ukungu, zilizosinyaa, tupa, usimpe hata kuku. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu, si hadithi. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walipoteza maisha kwa nafaka iliyoathirika. Na msichanganye nafaka kumi kwenye unga mmoja mkidhani ndiyo lishe.

Mama Kipepeo · #44
Tumetoka kwenye meno tumefika kwenye karanga. Mleta mada urudi na habari za mtoto.

Mlezi wa Tabata · #45
Nimerudi, samahani kwa kimya. Nilichukua daftari kama Mama Kipepeo alivyodai: saa, mahali, nani karibu, nini kilitangulia. Siku nane za kazi.

Kang'ata mara tisa. Sita kati ya saa 3:45 na 4:15. Mbili mlangoni tukitoka uwanjani. Moja saa nane akiwa ndio ameamka. Katika hizo tisa, sita aliyeng'atwa alimjia kutoka nyuma au ubavuni. Nne kulikuwa na gari la waya lile moja.

Nimeongea na baba yake, nikimkalisha kwenye kiti, si getini. Mtoto anakunywa chai saa kumi na moja na nusu alfajiri, kisha anapanda pikipiki ya baba kuletwa kwangu saa kumi na mbili. Mama kajifungua miezi miwili iliyopita. Usiku kichanga kinalia, wote chumba kimoja. Na nilipouliza kuhusu michezo, baba akacheka, akaniambia kila jioni anamshika mkono anafanya "nakula huu mkono, nakuula!" na mtoto anaangua kicheko. Kisha akanyamaza. Nadhani alijisikia mwenyewe.

Muuguzi, nimemwita kwa nyuma mara kumi. Kageuka mara sita. Sijui niihesabu vipi.

Kijana wa Ilemela · #46
Chai ya kumi na moja na nusu mpaka uji wa saa nne na zaidi? Narudia, njaa.

Mtu wa Göteborg · #47
Usingizi. Kichanga, chumba kimoja, kuamka alfajiri.

Mwanachuo wa Changanyikeni · #48
Mkono unaoliwa kila jioni kwa kicheko! Hajui kwamba anakosea, anacheza mchezo wa baba.

Binti Shanga · #49
Jamani, mama amejifungua. Mtoto alikuwa mfalme miezi miwili iliyopita. Kwetu mtoto aliyepata mdogo tunamjua hata kwa macho.

Mama Wawili Kigamboni · #50
Sita kati ya kumi ni sikio. Na waliomjia kutoka nyuma ni sita kati ya tisa. Dada, nakuomba, mpeleke. Usisubiri kama mimi.

Baba Nne · #51
Nimesoma daftari lote. Nakiri huyu mtoto nisingemng'ata. Lakini mbona kila mtu kaona kile alichokuja nacho?

Mlezi wa Nyanda za Juu · #52
Kwa sababu vyote vipo, Baba Nne. Mimi pia naona gari moja la waya.

Afisa wa Zamani · #53
Kazi nzuri sana ya daftari. Mpelekee mwenye kituo, ndiyo hoja yako dhidi ya rula. Pia uliza ofisi ya ustawi ya halmashauri kuhusu mafunzo ya walezi. Ile programu ya taifa ya malezi na makuzi, PJT-MMMAM, ilizinduliwa Dodoma Desemba 2021 na inahusu watoto wa miaka 0 hadi 8, hawa wako hasa. Na mtu yeyote akiona mtoto anapigwa na kuumizwa, namba ni 116, haina malipo.

Mlezi wa Tabata · #54
Taarifa ya wiki moja baadaye. Tulichobadilisha: uji saa tatu na nusu, unatolewa kwa makundi mawili. Gari la pili la waya, kaka yangu kalitengeneza. Nusu saa ile niko sakafuni, ubavuni kwake. Watoto wote tumewafundisha kunyoosha kiganja na kusema "Sitaki!" na yeye tunamfundisha "Nipe zamu". Anasema "pezamu". Baba kabadilisha mchezo, sasa anapuliza tumbo.

Mara mbili tu wiki nzima. Lakini niwe mkweli: wiki hiyohiyo watoto tisa hawakuja, tetekuwanga imepita mtaani. Chumba kilikuwa na nafasi. Kwa hiyo sijui kilichosaidia ni kipi.

Mlezi wa Nyanda za Juu · #55
Tetekuwanga kanithibitishia msongamano.

Kijana wa Ilemela · #56
Uji saa tatu na nusu, mkuu. Usiupite uji.

Cherehani ya Mawenzi · #57
Kapata neno "pezamu". Mimi nabaki na lugha.

Mzee wa Pangani · #58
Mwenye kituo anasemaje kuhusu rula?

Mlezi wa Tabata · #59
Mzee, shikamoo. Kasoma daftari, kakaa kimya, kasema tuone mpaka mwisho wa mwezi. Rula iko kabatini kwake.

Mama Kipepeo · #60
Tulifuata hiyo ya kiganja nyumbani. Jana kaka yake kamnyang'anya muwa, wangu kanyoosha kiganja kasema "Taki!" Kaka mwenyewe kashtuka, kaurudisha. Kituo chetu bado hakipigi simu. Nimewaandikia barua.

Baba Nne · #61
Mimi nimewauliza wanangu wanne kwenye simu, kila mmoja peke yake, kama wanakumbuka walichochapwa. Wa kwanza kacheka. Wa pili kacheka. Binti yangu wa tatu kanyamaza muda mrefu, kisha kaniuliza nimekula. Naendelea kufikiria.

Binti Shanga · #62
Baba Nne, mpigie tena.

Mlezi wa Tabata · #63
Miadi ya masikio ni Alhamisi, baba atampeleka kwa pikipiki.

Leo watoto wamerudi, wako 25. Saa nne kasoro dakika kumi kaning'ata mimi, mkono wa kushoto, chini ya kiwiko. Uji alikuwa ameshakunywa, gari la waya analo mkononi, na nilikuwa mbele yake ananiona. Nilimwambia, "Hapana. Kunauma." Kanitazama, kausugua mkono wangu, kasema "maji". Tukaenda kuuosha pamoja. Nimeandika daftarini, safu ya sababu nimeiacha wazi.